Kopo la taima la kufungia funguo: linafanya kazi, ila ufunguo wa grili usiuweke humo

Niseme mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu lake. Kopo linafanya kazi, taima yake haidanganyi, bei inauma kidogo, ila aliyelitengeneza hakuwaza kabisa nyumba zetu za huku zilivyojaa nondo na makufuli, kwa hiyo ukilinunua jua umenunua nusu, nusu nyingine ambayo ni mipango ya dharura unaipanga mwenyewe, na wauzaji hiyo hawaigusi kabisa, wao wanaposti tu video ya mtu anafungia simu yake huku anacheka.

Kwa ambaye hajaliona. Ni kopo la plastiki ngumu, saizi ya kopo la maziwa ya unga lile kubwa la kifamilia, chini linaonyesha vitu vya ndani, juu lina mfuniko mweupe wenye kioo kidogo cha namba na kitufe cha kuzungusha. Unatia kitu, unafunika, unazungusha mpaka muda unaoutaka, iwe dakika, masaa au siku, unabonyeza, linahesabu tano kurudi nyuma, ukighairi ndani ya hizo sekunde unabonyeza tena linaacha, zikiisha basi tena, unasikia krrr, ndimi mbili za plastiki zinatoka pembeni ya mfuniko zinanasa kwenye mdomo wa kopo, na kuanzia hapo hamna namba ya siri, hamna kumpigia mtu, hamna kubembeleza. Langu linaenda mpaka siku kumi.

Waliolipatia jina hili dude ni Wamarekani, la kwao linaitwa Kitchen Safe, siku hizi wanaliita kSafe, na lengo lilikuwa biskuti na pipi, mtu mzima ajizuie kula. Sisi huku biskuti ya kufungia nani anayo, pakiti ikiingia ndani saa hiyo hiyo imeisha. Langu mimi ni la Kichina, halina jina lolote, nimelichukua kwa dada mmoja anayeuza vyombo mtandaoni, mzigo ukatoka Kariakoo ukapanda basi, nikaupokea pale stendi ya Nanenane, hapa Dodoma. Elfu 55 kopo, elfu 5 usafiri. Boksi lilikuwa limebonyea upande mmoja na karatasi ya maelezo ina Kichina kitupu, ila kopo lenyewe zima.

Nilivyoliona mara ya kwanza kwa mtu nikasema hili dogo sana, utafungia nini humu. Baadae ndo nikaelewa kwamba halina haja ya kuwa kubwa, maana ukifungia ufunguo umefungia kila kinachofunguliwa na huo ufunguo. Gari haliingii kwenye kopo, ufunguo wake unaingia. Kabati la TV haliingii, kaufunguo kake kanaingia na nafasi inabaki. Hapo ndo uzuri wote ulipo, na ukisogea kidogo tu hapo hapo ndo hatari yote ilipo, ntafika huko.

Kwangu hapa Ipagala limekuwa na kazi tatu.

Ya kwanza droo ya ada. Nina kaduka ka vipodozi, hela ya ada ya watoto naitenga kwenye droo ya kabati la chumbani, na mwenye duka yeyote anaelewa mchezo unavyokuwa, ikifika tarehe ishirini na kitu mzigo umepungua, mteja anaulizia mafuta fulani, unasema ngoja niazime hapa kidogo kesho narudisha. Sasa fundi seremala kanikatia upenyo juu ya ile droo kama wa kibubu, kuingiza naingiza muda wowote, kutoa mpaka kopo liniruhusu. Ya pili ni kabati la TV, tuna mtoto yuko kidato cha nne na dunia nzima ya tamthilia imehamia sebuleni kwangu, siku za wiki ufunguo wa kabati unalala koponi, hamna kugombana na mtu, mtoto akinuna anaenda kulinunia kopo. Ya tatu ni ufunguo wa gari Ijumaa usiku, na hii aliomba baba watoto mwenyewe. Ijumaa ana wenzake, anakunywa, sina shida na hilo, shida ni kurudi na usukani. Kwa hiyo akitoka kazini gari linaingia ndani, ufunguo unaingia koponi, anabonyeza yeye kwa mkono wake, anatoka na bodaboda anarudi na bodaboda, na Jumamosi saa 12 asubuhi ufunguo huo hapo, tena mapema kabisa maana Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato na mtu wa nyama hataki kuchelewa.

Narudia, anabonyeza yeye. Nimeona watu wanalitaka hili kopo ili wawafungie waume zao au wadada wa kazi funguo kwa nguvu. Hapana jamani. Mtu mzima ukimfungia kitu chake bila makubaliano hujamsaidia, umemteka, na plastiki yenyewe inapasuka kwa nyundo kwa hiyo hata hautamuweza. Hili linamsaidia aliyeamua mchana akiwa na akili zake, linamlinda na yeye mwenyewe wa usiku. Na mwizi pia msijidanganye, mwizi halifungui, analibeba hivyo hivyo chini ya kwapa anaondoka nalo.

Sasa madhaifu.

La kwanza, kopo moja taima moja. Nilikuwa na funguo tatu zinazotaka masaa tofauti na kopo haliwezi kutoa mmoja likabakiza mwingine. Ilibidi tukae tupange ratiba kama ya daladala: Jumapili saa 12 jioni unaingia wa droo na wa TV, wanatoka Ijumaa saa 12 jioni, watoto wanafungua TV yao, afu saa 1 wa droo unarudi pamoja na wa gari mpaka asubuhi. Inawezekana, ila siku Ijumaa wageni wakija ratiba nzima inayumba. Mwenye funguo nyingi anunue mawili, au asubiri bei ishuke.

La pili ni kile kitufe cha kuzungusha, na hapa nina hasira nacho. Mnajua upepo wa Dom ukianza mwezi wa sita huko mpaka wa nane, vumbi linaingia hata kwenye sukari iliyofunikwa. Limeingia kwenye kitufe, sasa ukizungusha kinaruka, unatafuta masaa 11 kinakupa masaa 14, unarudisha kinashuka mpaka 9, na ukibonyeza huku unaongea na mtu unaweza kujifungia siku mbili badala ya masaa mawili. Zile sekunde tano za kughairi ndo za kusoma kioo, siyo za kuondoka. Kwa kutembea na mswaki mkavu pembeni ya kitufe mara kwa mara kinatulia, ila kifaa cha elfu 55 kisingetakiwa kusafishwa kwa mswaki.

La tatu betri, na hili ndo nataka kila mtu alijaribu siku ya kwanza kabla hajaweka chochote humo. Langu linatumia tatu, zile za saa ya ukutani. Nilifunga kopo tupu dakika kumi, katikati nikachomoa betri. Kioo kikazima, mfuniko ukabaki umeng'ang'ania, nikarudisha betri likaendelea kuhesabu pale pale lilipoishia. Hilo ni jibu zuri, maana kama lingefunguka kwa kuchomoa betri lingekuwa pambo tu, mtoto wa darasa la tatu angelijua kwa siku moja. Ila angalia betri zinaingilia wapi! Kwangu kifuniko cha betri kiko juu, nje, kwa hiyo zikifa nabadilisha hata likiwa limefungwa. Kuna aina kifuniko cha betri kiko upande wa ndani wa mfuniko, yaani zikiisha nguvu likiwa limefungwa, betri mpya utaziweka kupitia wapi? Hapo ni nyundo tu. Kabla hujatuma hela muulize muuzaji akupigie picha ya chini ya mfuniko na ya juu, asipotaka achana naye. Na betri nunua za maana, zile za bei chee zinavuja maji meupe na kula vyuma vya ndani. Umeme kukatika hakuna shida yoyote, kopo halijui hata kama kuna umeme.

Kuna yale ya kisasa zaidi yanayofunguka kwa programu ya kwenye simu. Mi hapana. Simu ikizima chaji, bando likiisha, au kampuni ikifunga seva zao huko, ufunguo wako unabaki mikononi mwa watu usiowajua. Kopo la kijinga lenye saa yake ndani lina afadhali.

Sasa nije kwenye lile nililosema wauzaji hawaligusi.

Mimi nikishika kitu kipya lazima nigugo kimetoka wapi. Kufuli la saa halijaanza na biskuti, limeanzia benki. Marekani huko miaka ya 1870 majambazi waligundua hamna haja ya kuhangaika na mlango wa seifu, unaenda usiku nyumbani kwa mtu wa benki, unaishika familia yake, anakuja mwenyewe na kukufungulia. Ndo jamaa mmoja anaitwa James Sargent, wa Rochester, New York, mwaka 1873 akatoa kufuli lenye saa ndani ya mlango, ukishalifunga jioni hata mwenye namba hafungui mpaka saa itembee ifike asubuhi. Mwaka 1874 benki moja ya mji wa Morrison, Illinois wakafungiwa la kwao. Sasa mtu wa benki hata umuoneshe bastola hana cha kukupa, kwa hiyo hamna sababu ya kumfuata nyumbani. Safi sana. Ila waliziona mapema hasara zake, saa ikisimama ndani ya mlango wa chuma benki nzima iko nje inagonga. Wakaanza kuweka saa mbili, tatu, nyingine mpaka nne ndani ya kufuli moja, na zote zinatembea pamoja, na mpango ni kwamba muda ukifika moja tu ikiwa hai inatosha kufungua, hizo nyingine hata zikiwa zimekufa zote.

Hapo nikakumbuka sanduku la kikundi chetu. Walioko kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wanajua, sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu kwa wanachama watatu, na anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja, mpaka siku ya kikao wote wakutane ndo lifunguke. Sasa angalia tofauti. Sanduku la kikundi linataka wote watatu, kufuli la benki linataka saa yoyote moja kati ya zilizomo. Moja linaogopa tamaa ya mtu, lingine linaogopa mashine kufa. Kopo langu la elfu 55 linaogopa tamaa tu, kuhusu mashine kufa halina habari, saa moja, mota moja, betri tatu, kwisha. Ile saa ya pili na ya tatu ni wewe mwenyewe unatakiwa uiweke, nje ya kopo.

Na kabla hata ya saa ya pili kuna funguo ambazo hazitakiwi kukanyaga humo. Ufunguo wa grili. Nyumba zetu hizi madirisha yote nondo, mlango wa mbele grili na kufuli, wa nyuma grili na kufuli, usiku tukishafunga hamna pa kutokea zaidi ya ule ufunguo. Moto ukianza jikoni saa nane usiku huo moshi hausubiri taima. Utapiga 114 zimamoto waje, sawa, lakini mpaka wafike wewe uko ndani ya kizimba na ufunguo unauona kabisa kwenye plastiki inayoonyesha. Nimesikia mtu anasema anafungia ufunguo wa geti ili kijana wake asitoroke usiku, nikamwambia mama we, muache atoroke. Ufunguo wa grili unakaa kwenye msumari unaojulikana na kila mtu aliyelala humo ndani akiwemo mtoto na mgeni, na msumari uwe karibu na mlango ila mkono wa mtu wa nje usiufikie. Na hivyo hivyo kabati lenye dawa za mtu, presha, sukari, pumu, hilo kabati halifungwi kwa taima hata siku moja, hata kama na pombe ya baba iko humo humo, hamisheni pombe.

Kwa funguo zilizobaki, mimi na baba watoto tulijiuliza kitu kimoja tu kwa kila ufunguo: ukitakiwa ghafla, tunaweza kusubiri kiasi gani? Maana watu wanaweka ufunguo wa spea kiholela. Ukiuweka kwenye sufuria la juu kabatini, kopo limekufa siku hiyo hiyo, nani atasubiri masaa 12 wakati spea iko hatua nne. Usipouweka kabisa, siku ya siku unavunja kopo la elfu 55.

Ufunguo wa droo unaweza kusubiri. Hela ya ada haimuui mtu kwa saa mbili. Kwa hiyo spea yake iko kwa wifi yangu Nkuhungu, ndani ya bahasha, nimeilamba, nikapiga gundi, nikasaini pale bahasha inapofungia na tarehe, halafu selotepu juu ya saini. Kutoka Ipagala mpaka Nkuhungu unavuka mji wote, unabadilisha gari, unafika kwa wifi, unakaa, unapewa maji, unaulizwa hali za watoto, ndo useme wifi sijui nini naomba ile bahasha, na wifi atauliza za nini, na kesho mama mkwe atakuwa anajua. Niwaambie ukweli hamna kufuli duniani lenye nguvu kama hilo. Hela ninayoitaka kwa ajili ya mafuta ya nywele ya dukani haivuki mji. Ya mgonjwa itavuka.

Ufunguo wa gari hauwezi kusubiri hivyo. Huo spea yake iko hapa hapa ndani, imening'inia ukutani nyuma ya mlango wa chumba, kila mtu anaiona, ila iko ndani ya kimfuko kigumu kilichofungwa na sili. Zile sili za plastiki zenye namba kama wanazofungia masanduku ya kura au mizigo, ukishaivuta haifunguki tena mpaka uikate, na kila moja ina namba yake. Nilipata pakiti ya mia kwa jamaa anayeuza vifaa vya kufungia mizigo, hela ya soda tu kila moja. Kukata ni mkasi, sekunde moja, hata mtoto anaweza. Kuficha kwamba umekata ndo haiwezekani, maana namba ya iliyopo nimeipiga picha na picha iko kwenye simu ya wifi. Ukiweka sili nyingine mpya namba haifanani, imekula kwako.

Hii ya sili nimeipenda kuliko kopo lenyewe. Maana mtu mwenye mgonjwa hajali kuonekana, anakata anaondoka. Mtu mwenye hamu ya kwenda kuongeza bia nne anaogopa ushahidi, ataitazama ile sili, atawaza maswali ya kesho, ataona bora alale.

Na imeshafanya kazi. Mwezi wa pili, Ijumaa, mvua ile ya upepo inapiga bati huwezi kusikia mtu, mtoto mdogo homa ikapanda saa 7 usiku akaanza kutetemeka. Baba watoto kashalala na bia zake. Napiga simu ya bodaboda wetu, haipatikani, bajaji hamna anayepokea kwenye mvua ile. Kopo liko juu ya friji linasoma 04:52, ufunguo nauona kabisa umelala chini pale kwenye plastiki. Nikachukua mkasi kwenye begi la shule, nikakata sili, nikachukua spea, nikaendesha mwenyewe. Mtoto alipata dawa akatulia, tukarudi kumekucha, kopo limeshajifungua lenyewe liko wazi juu ya friji kama halina habari. Nikafunga sili mpya nikapiga picha nikamtumia wifi, akajibu hapo hapo, "Nani kakata?" Nikamjibu mtoto alikuwa na homa, akatuma pole, na mchana akaja na ndizi. Sasa jiulize kama spea ingekuwa Nkuhungu, au kama isingekuwepo.

Mtu ataniuliza si ungevunja kopo. Ningevunja, ndiyo, nyundo ipo, na ni vizuri kila mwenye kopo ajue nyundo iko wapi. Ila usiku huo unapiga plastiki ngumu inateleza huku mtoto analia, na ndani ya kopo kuna ufunguo wenye plastiki yake na chipu yake. Hili wengi hawalijui mpaka liwakute, gari nyingi za sasa ufunguo una kachipu ndani, ukiuponda ukaenda kwa fundi funguo wa mjini akakuchongea chuma kizuri tu, mlango utafunguka ila injini haitawaka, mpaka umpate fundi mwenye mashine ya kuprogramu, na huyo bei yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo spea ya gari tengeneza mapema ukiwa na ufunguo wa kwanza mzima, na kabla hujaifungia na sili washa gari nayo kwanza, siyo kufungua mlango tu, washa kabisa. Za pikipiki nyingi na za makabati ni chuma kitupu, hizo fundi yeyote anachonga ukisubiri.

Kuhusu vile visanduku vya namba vya kuning'iniza ukutani, tulivijaribu kabla ya sili. Wazo ni kwamba namba anakaa nayo mtu mwingine, ukibanwa unampigia anakutajia. Inafaa kama huyo mtu analala na simu imewashwa. Wifi yangu anazima simu saa 4. Halafu ukishatajiwa namba mara moja unaikumbuka, baba watoto kichwa chake kinahifadhi namba za gari za watu aliowaona stendi, ataisahau hiyo? Itabidi ubadilishe namba kila inapotumika na umpe mtu upya, kazi haiishi. Aina fulani za makopo pia zina kitufe cha dharura unaambiwa unaweza kulifungua kabla ya muda. Kwa mtu anayeishi peke yake na hana wa kumpa bahasha naona siyo mbaya, ila kwa mimi ninavyojijua kitufe kikiwepo kila siku ni dharura.

Nyota nalipatia tatu kati ya tano. Moja imeondoka na kile kitufe kinachoruka, moja nimeiondoa kwa sababu boksi zima halina hata mchoro mmoja wa kumuonya mtu asifungie ufunguo wa kutokea nje. Taima yenyewe sina neno nayo, nimeilinganisha na simu kwa zile siku tano za Jumapili mpaka Ijumaa na inafungua pale pale.

Kama una tatizo la hela ya kutenga au gari la Ijumaa na una elfu 60 isiyouma, nunua, lijaribu tupu kwanza, chomoa betri. Jirani yangu alikuja kuliangalia akalipenda akataka nimuagizie, nikamuuliza la nini, akasema la ufunguo wa friji, watoto wanamaliza soda za biashara. Nikamkatia sili tano kwenye pakiti yangu nikamwambia aanze na hizo. Mpaka leo hajaja kuulizia kopo, ila sili ameshaongezea nyingine kwa jamaa.